Daktari wa Vigae na Gari Lisilosikika

Mume wangu ni fundi wa vigae, na huko kwenye kazi zake wanamwita Daktari. Si kwa ajili ya usafi, maana suruali zake nazifua mimi na najua ninachosema. Wanamwita hivyo kwa sababu akimaliza sakafu hapokei hata chai mpaka apige magoti na kugonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, kichwa kimeinama, kama mtu anayepima kifua cha mgonjwa. Kigae kilichoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi na nzito. Kilichobaki na uwazi chini hulia kama debe, na hicho hukibandua palepale, hata mwenye nyumba akisema kiko sawa. "Debe tupu haliachi kuvuma," husema, "na kigae tupu hakiachi kuvunjika." Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa nimeusikia msemo huo mara nyingi kuliko nilivyosikia kwamba nimependeza.

Miaka miwili iliyopita injini ya pikapu lake la dizeli ilikufa, akanunua hili dogo la haibridi, linalotumia petroli na umeme pamoja. Nilidhani mtu wa umri wake angetafuta jingine kama lile la zamani. Yeye akaja na gari lenye kioo katikati kinachoonyesha mishale: huu unatoka kwenye injini, huu unaingia kwenye betri, huu unarudi ukikanyaga breki. Wiki ya kwanza aliendesha macho yakiwa kwenye mishale, hadi nikamwambia tutaingia mtaroni tukiwa tumechaji vizuri sana.

Sina sababu ya kulisema vibaya, ni gari zuri. Nyuma ni fupi, kwa hiyo rula yake ndefu ya alumini hutokeza nje, imefungwa kitambaa chekundu nilichokata kwenye mabaki ya sare za shule ninazoshona. Maboksi ya vigae hayaingii yote kwa safari moja. Huenda mara mbili, na bado tangi alilojaza wiki hii humfikisha wiki ijayo. Kisha kuna ile soketi ya umeme huko nyuma. Kwenye nyumba ambazo hazijaunganishiwa umeme huchomeka mashine yake ya kukatia vigae na kuendelea na kazi, na mafundi wengine hujipanga na drili zao. Watu ambao zamani hawakumsalimia siku hizi humuulizia hali ya watoto.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni ukimya. Kila mgeni aliyekanyaga nyumbani kwetu alipandishwa akazungushwa mtaa.

"Sikia," anamwambia.

Mgeni anatega sikio.

"Husikii kitu, eeh?"

"Sisikii kitu, mzee."

Basi hapo atarudi anatembea kama bwana harusi.

Ukimya ule ulikuwa na visa vyake. Mara mbili aliliacha linawaka mbele ya duka la vifaa vya ujenzi akaingia zake ndani, na mlinzi akamfuata kumwambia. Tulicheka. Gari halitoi sauti, nani asingesahau? Nyumbani nikimwita kutoka chumba cha kushonea haji, na nikimfuata ananiambia alikuwa anawaza kazi. Hapo damu ilinichemka. Mimi sina simile, na mwaka ule nilimwambia mengi: kwamba naongea na ukuta, kwamba amenichoka, kwamba ningekuwa mke wa mtu mwingine angenisikiliza. Yeye kimya. Nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni dharau.

Jumamosi iliyopita alikuwa anakabidhi sakafu ya jiko la mama mmoja anayeoka mikate nyumbani kwake. Oveni kubwa ya mikate ilikuwa iletwe mchana, isimame juu ya vigae vile. Nami nilikuwa na sare za kupeleka upande huohuo, nikapanda.

Tulipotoka tu getini nikasikia kitu kinakwaruza chini ya gurudumu la upande wangu, krr, krr, kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji. Mume wangu akatabasamu.

"Unasikia utulivu huo, mama watoto? Hata mbu angetushinda kelele."

Nilicheka, nikijua ananitania. Kisha nikamtazama usoni, na hakuwa akitania. Nikageukia dirisha, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba watoto, kuna kitu kinakwaruza." Hakujibu, tabasamu likabaki palepale.

Tulipofika alianza kurudi nyuma kuingia uani. Mwoka mikate alikuwa anakatiza huko nyuma na beseni mikononi. Gari lenyewe likaanza kulia pi-pi-pi-pi ya onyo, na yule mama akapiga ukelele, "Mzee! Simama, mzee!" Gari likaendelea kurudi. Nikamkamata mkono kwa mikono yangu miwili, na hapo ndipo alipokanyaga breki. Beseni lilikuwa limeanguka. Kati ya mama na gari ilikuwa imebaki hatua moja.

"Samahani sana, mama," mume wangu alisema akishuka mbio. "Magari haya hayasikiki."

"Kweli, baba, sikulisikia kabisa," yule mama akajibu, mkono kifuani.

Wakakubaliana vizuri, lawama zote wakalitwika gari. Mimi niliyesikia ukelele ule nilibaki nimekaa garini.

Ndani, Daktari alipiga magoti, akaanza kugonga. Nilisimama mlangoni. Kigae cha kwanza kizima, cha pili kizima, na vya mstari wote. Alipofika pale oveni itakaposimama, bisibisi ikagonga na kigae kikalia kama debe. Mimi ni fundi cherehani, lakini ukikaa karibu na waridi nawe utanukia. Nilikijua. Yeye aliinamisha kichwa, akasubiri kidogo, akasema, "Kizima," akaenda kwa kinachofuata.

Mwoka mikate alikuwa amesimama pembeni yangu, ameridhika. Ningefungua mdomo ningemvua nguo mume wangu mbele ya mteja wake, na jina la Daktari lingeishia pale jikoni. Ningenyamaza, ule uzito wote wa oveni ungekaa juu ya uwazi.

Nikaenda nikapiga magoti karibu naye. Nikachukua mkono wake, nikaulaza kiganja juu ya kigae kizima, nikagonga pembeni kwa bisibisi yake. Kisha nikauhamishia kwenye kile kibovu, nikagonga tena. Kigae kisichoshika hutetemeka kidogo. Kiganja chake kilielewa kabla yake. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiuliza kama nitasema.

Sikusema. Yeye ndiye aliyemgeukia mteja. "Mama, oveni isubiri siku tatu. Hiki kigae nimekikosea."

Tukaipima sakafu yote upya, yeye ameweka kiganja, mimi nikigonga. Vikatoka vibovu vitatu.

Kwenye gari nilikaa mimi kwenye usukani, naye hakubisha. Kabla sijaliwasha nikamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu lile la zamani. Injini iligonga wiki nzima kabla haijafa. Makanika akaniuliza, mzee, ina maana hukusikia?" Alijipangusa vumbi la saruji mikononi. "Nikatafuta gari ambalo hata mwenye masikio hasikii kitu."

"Na mimi? Mimi ungeniambia lini?"

"Ningekwambia ungeacha kunigombeza. Ungeanza kunihurumia."

Nikaliwasha, tukatoka polepole, gurudumu likikwaruza. Barabarani ndipo maneno yakanijia. Nikamwomba msamaha kwa habari ya ukuta, kwa kumwita mwenye dharau, kwa yule mke wa mtu mwingine. Nilisema yote, macho mbele kama dereva anavyotakiwa, machozi yananidondoka. Nilipomaliza nikamtupia jicho. Alikuwa anatazama maduka dirishani, ametulia. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Nikaegesha pembeni, nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame mdomoni, nikaanza tena mwanzo.