Pasi Moja ya Garrick Vavra

Garrick Vavra ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo nina haki ya kumcheka, na wewe cheka ukipenda. Hapa Zelena, Nebraska, mji wa watu mia nane na mahindi yasiyo na idadi, tulianza kumsifu tangu akiwa mdogo anarusha mayai ya bibi yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi wetu tulimsifu hadi akamwaga na kibuyu.

Chuoni, kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono, alikuwa mrushaji, yaani yule bwana mkubwa anayepewa mpira kwanza, akaamua uende kwa nani, na picha zote gazetini zikawa zake. Kaka yangu Leland akachomoa mbao ghalani, akasimamisha kibao pale unapoingilia mjini: KARIBU ZELENA, KWAO GARRICK VAVRA, MRUSHAJI. Alikipaka rangi upya kila masika.

Basi timu za kulipwa zikamtazama kijana, zikaona mkono wa kawaida na miguu ya swala. Wakamwambia, ukitaka kazi hapa utacheza ulinzi wa nyuma kabisa. Kazi ya mlinzi wa nyuma ni kukimbiza watu, kuwaangusha, na kulaumiwa wakipita. Garrick akakubali, akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanipigia simu.

"Shangazi, mwambie baba abadilishe kile kibao. Mimi sasa ni mlinzi."

"Vumilia, mwanangu," nikamwambia. "Mkono kama wako haukai bure."

Kwa Leland sikufikisha neno.

Kila Jumapili baada ya misa, nusu ya mji walijazana mkahawani kwangu, wanakula kolachi, vile vimkate vitamu vyenye plamu katikati, na kumtazama Garrick kwenye televisheni akiwa amekaa benchi. Mechi ikiisha, Leland alimpigia simu na swali lake lilikuwa lile lile: "Watakuacha urushe lini?" Padre naye akinyakua simu, anauliza hilo hilo. Miaka mitatu, Jumapili baada ya Jumapili, hakuna aliyemuuliza habari za ulinzi.

Desemba ya mwaka wa tatu, mlinzi waliyemtegemea akaumia goti. Kocha akamwita Garrick pembeni. Akamwambia cheza leo bila kosa, kesho tunakusaini miaka miwili. Ukivuruga, fungasha virago. Mpira ukikujia, daka, piga goti, basi. Maana mdakaji akishapiga goti, mchezo unasimama na mpira ni wenu.

Na alicheza, nisimnyime haki yake. Aliangusha watu siku nzima. Zimebaki sekunde ishirini na tano, tunaongoza kwa pointi nne, wapinzani wakarusha mpira wa mwisho, Garrick akaruka akaudaka. Mechi imekwisha. Kilichobaki ni goti tu, jambo ambalo hata kizee wa miaka tisini analiweza kanisani.

Hakupiga goti. Alimwona mwenzake upande wa pili wa uwanja, nyuma yake kidogo, na kurusha nyuma sheria inaruhusu. Mkono ukapanda.

Mkahawa mzima ukasimama. "Rusha!" Leland alikuwa juu ya kiti. Padre alikuwa juu ya kiti. Na mimi, birika mkononi, nilipiga kelele kuwashinda wote.

Akarusha. Lo, pasi ilikuwa tamu. Ila mwenzake alikuwa amegeuka anawapungia mashabiki, mpira ukampiga mgongoni, ukadondoka, mpinzani akauokota na kutembea nao hadi mwisho wa uwanja wetu, pointi sita hizo. Tukafungwa.

Leland akaketi polepole.

"Lakini mmeona mpira ulivyozunguka?"

"Kama enzi za chuo," akajibu padre.

Jumatatu wakamfukuza. Jumatano akaingia mkahawani na begi lake, akakaa mbele ya baba yake.

"Nilijua kabisa nipige goti," akasema. "Nikawasikia nyinyi."

"Uongo huo. Ulikuwa maili elfu moja kutoka hapa."

"Niliwasikia, baba."

"Basi tulikuwa tunakutia moyo."

"Mlikuwa mnamtia moyo mtu mwingine."

Leland akakoroga kahawa yake, ambayo hatii sukari.

Jioni ile Garrick akaniomba ngazi na kopo la rangi nyeupe. Ngazi niliishika mwenyewe. Akafuta neno moja tu, MRUSHAJI, akateremka, akaosha brashi.

"Ulimwambia, shangazi? Ile siku niliyokupigia?"

Nikajibu kuwa baridi imekuwa kali, twende ndani. Aibu niliyoiona siku ile siitaki tena.

Asubuhi Leland akaja kunywa kahawa kama kawaida yake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa rangi mbichi. Garrick akavitazama.

"Herufi zimenyooka?"

"Zimenyooka kuliko za kwanza," Leland akasema kwa furaha, akampigapiga begani. "Usikate tamaa, mwanangu. Timu si moja. Mkono kama wako haukai bure."

Garrick alinitazama mimi. Nikasema nakwenda kuangalia kolachi zangu zisiungue, na oveni nilikuwa hata sijaiwasha.