Umempa Nini Mtoto?

Wiki mbili zilizopita nilirudi Garsen kumtembelea binti wa kaka yangu, nikakuta joto limekaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga. Wewe uliyewahi kupita huku mwezi wa pili huhitaji kuelezwa. Saa sita mchana stima ilipotea, feni ikazunguka mara mbili tatu kwa mazoea, ikasimama. Mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea, alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake alimbeba, akamlaza, akambeba tena, huku akipekua simu kutafuta ushauri. Nilivumilia kidogo, kisha nikamwambia anipe mimi.

Nilimvua mtoto kila kitu, hata nepi. Nyuma ya jiko palikuwa na mtungi wa udongo uliovunjika mdomo, kuku wakinywea. Nikausugua, nikaujaza maji, nikauweka kwenye mchanga penye kivuli cha ukuta. Nikanyunyizia mchanga ule maji, nikangoja mvuke uishe, kisha nikatandika mkeka kando ya mtungi. Haikupita nusu saa, mtoto alikuwa amelala na jasho limemkauka shingoni. Mama yake akaja akinyata, akainama, akamtazama kwa muda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, umempa nini?"

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini swali hilo nimelichukia kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipolisikia damu ilinipanda. Kaa hapa nikwambie sababu.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mlezi wa mchana katika kijiji chetu kando ya mto Tana, si mbali na Minjila. Wanawake walivuka kwa mtumbwi alfajiri kwenda kwenye mpunga na migomba yao ng'ambo. Watoto waliokuwa wazito kubebwa mgongoni na wadogo kuachwa peke yao walibaki kwa bibi. Walikuwa watano, wakati mwingine sita. Mmoja alikuwa wa mama wa Kiorma aliyekuja kuuza maziwa sokoni. Likizo ya Disemba ilipofika, mimi msichana wa miaka kumi nilikuwa msaidizi wake, na ukiniuliza leo ni kazi gani niliwahi kuipenda kwa dhati, nitakutajia hiyo.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, zimeshuka pande zote karibu kugusa ardhi, na ndani mlikuwa na harufu ya moshi, samaki mkavu na maji. Mitungi mitatu ya udongo ilisimama kwenye mchanga upande unaotazama mto. Ilitoka jasho mchana kutwa, ikadondosha tone baada ya tone, na mchanga ulio chini yake haukukauka hata siku moja. Hapo ndipo palipokuwa kitanda cha watoto. Bibi alinyunyizia sakafu saa nne, jua likiwa bado halijakasirika, maana ukimwagia mchanga wakati umeshaungua utamfukiza mtoto kama muhogo. Aliwaogesha kwa maji ya vuguvugu. Maji baridi, alisema, humshtua mtoto na kumtoa usingizi wote. Aliwalisha ndizi mbivu au wali kidogo, kamwe si ugali wa kushiba, akawanywesha maji tena na tena.

Leso iliyolowa ilitundikwa mlangoni, upepo wa mto upite humo kwanza. Kisha mimi nilipewa kipepeo cha ukindu na amri moja: wapepee miguu, si uso. Ukimpepea mtoto usoni anafumbua macho akutazame. Ukimpepea nyayo anajisahau. Bibi hakuimba. Alivuma tu, sauti moja isiyo na maneno, na nilikuwa nikisikia tone la mtungi, kipepeo changu, na pumzi za watoto zikianza kulingana. Ilipofika saa saba hapakuwa na jicho lililo wazi isipokuwa letu wawili, na wakati huo bibi alinimegea sukari guru, tukala bila kusema.

Mwaka huo alihamia jirani yetu mpya, mke wa karani. Mumewe ndiye aliyeandika barua za watu kwa chifu, na walijengewa nyumba ya mabati, ya kwanza upande wetu. Ilikuwa nzuri kutazama, ila mchana ndani yake ungeweza kukaanga mandazi. Mke wa karani alikuwa na cherehani, akishona kwenye baraza ya duka sokoni, na mwanawe wa mwaka mmoja na kitu alikuwa hajui usingizi wa mchana ni nini. Akamleta kwa bibi.

Siku ya kwanza mtoto yule alilala kwa muda wa saa tatu nzima. Mama yake aliporudi alimkuta hivyo, mikono imeachia, mdomo wazi. Akamtikisa, mtoto akageuka upande wa pili. Akainama, akamnusa mdomo. Nilikuwa nimesimama pale na kipepeo mkononi, nikamwona akimnusa.

"Umempa nini?" akamwuliza bibi.

"Ndizi, mwanangu. Na maji."

Mke wa karani alitabasamu upande mmoja, akambeba mwanawe. Kesho yake asubuhi nilikuwa mtoni nikiteka maji, naye alikuwa akifua katikati ya wenzake. Sikusikia mwanzo, lakini hili nililisikia vizuri: "Mtoto gani hulala vile kwenye joto hili? Watano wote, kama waliozirai? Yule mzee ana kitu anatia kwenye maji."

Maneno yana miguu. Kufikia Ijumaa bibi alikuwa na mzizi. Jumamosi alikuwa na chupa, na kuna mtu ambaye shemeji yake aliiona. Hakuna aliyekuja kumwuliza bibi mwenyewe. Walikuja na visingizio, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Huyu mtoto ana kikohozi. Huyu leo anabaki na dada yake. Huyu, bibi, tutamleta kesho. Wanawake ambao bibi aliwalaza wenyewe kwenye mchanga ule ule walipokuwa wadogo, walipita mbali na nyumba yetu na watoto mgongoni, wakaenda nao shambani juani.

Jumatatu bibi alinyunyizia mchanga saa nne kama kawaida. Akatandika mikeka yote. Akatundika leso. Akaketi. Aliyefika ni yule mama wa maziwa peke yake, kibuyu begani, akamsukumia bibi mtoto wake.

"Mimi hapana jua maneno ya mtoni," alisema. "Mtoto yangu hapa nalala, naamka, nacheka. Shika, mama."

Bibi alimpokea. Mchana ule nilimpepea mtoto mmoja, na bibi hakuvuma. Nilipomtazama niliona anaitazama mikono yake kama inayodaiwa kitu. Hapo ndipo nilipoapa kwamba mke wa karani atanilipa. Sikuwa mtoto mwema wakati huo, na sitajifanya mwema mbele yako sasa.

Nafasi alinipa mwenyewe. Hazikupita siku tatu akaja kwa mama yangu kuniomba nimshikie mtoto nyumbani kwake mpaka likizo iishe. Alisema mikono yangu imezoea watoto. Imezoeshwa na nani, hakusema. Mama hakutaka kuudhi nyumba ya karani, akakubali. Mimi nilikubali haraka kuliko mama.

Sasa fikiri. Mtu anayejua kumlaza mtoto anajua pia namna ya kumharibia mama yake usiku. Nyuma ya nyumba ya mabati palikuwa na jiko la nyasi. Mke wa karani akishapotelea njia ya sokoni, mimi nilinyunyizia humo maji, nikatandika, nikamwogesha mwanawe kwa maji ya vuguvugu, nikampa ndizi, nikampepea nyayo. Saa tatu asubuhi alikuwa amelala. Akiamka nilimlisha, nikamchezesha kidogo, nikamlaza tena mpaka alasiri. Mtoto hakupungukiwa na kitu, tena alinenepa. Mama yake akirudi alimkuta anang'aa, ana nguvu za kubomoa ukuta, na nguvu hizo alizitumia usiku kucha. Tulimsikia mpaka kwetu, akigonga sufuria kwenye mabati na kucheka, na karani akiuliza kama ndani ya nyumba hii kuna mwanamke.

Kila asubuhi nilikwenda nikiyatazama macho yake. Siku ya nne yalikuwa mekundu. Siku ya sita alitia chumvi kwenye chai. Aliniuliza, "Huyu mchana huwa analala kweli?" Nikamjibu, "Kidogo tu, mama," nikainamisha kichwa kama msichana mwenye adabu. Siku ya nane alishona suruali ya mwalimu mkuu, miguu yote miwili ikawa mmoja, na mwalimu akaja nayo barazani watu wakiona. Unadhani nilimhurumia? Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Siku ya kumi ilikuwa siku yangu ya kumsaidia mama kuteka maji, kwa hiyo sikwenda kwa karani, na mtoto hakulazwa na mtu. Adhuhuri, njia zikiwa tupu, nilimwona mke wa karani akipita nyuma ya nyumba, mtoto analia begani, leso imemteleza kichwani. Alibisha hodi kwa bibi kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika.

Bibi alimkaribisha. Hakumwuliza lolote. Alimpa maji ya mtungini kwenye kata, akamvua mtoto, akamlaza, akachukua kipepeo. Mke wa karani aliketi kwenye mkeka mtupu, mgongo kwenye nguzo, akafungua mdomo aanze kueleza. Kichwa kilimwanguka upande, akateleza taratibu mpaka shavu likagusa mchanga uliolowa. Akalala. Akakoroma.

Nilisimama mlangoni nikimtazama, na nikwambie ukweli, moyo wangu ulikuwa mtamu kuliko sukari guru. Lakini haukutosha. Niliondoka mbio mpaka kivukoni, nikangoja mitumbwi irudi, na kila mwanamke aliyeshuka nikamwambia, "Bibi anakuita." Bibi hakumwita mtu. Walikuja sita, wenye mizigo vichwani na watoto wamewiva kwa jua mgongoni. Mama wa maziwa alikuwa amekwisha fika kumchukua mwanawe. Wakasimama duara, wakamtazama yule aliyewaonya, amelala mdomo wazi kwenye nyumba aliyoichafua, mate yanamtoka.

Ni mama wa maziwa aliyesema kwanza, taratibu, akimtazama bibi usoni.

"Mama huyu mkubwa sana. Wewe nampa nini?"

Bibi aliweka kipepeo chini, akainyosha mikono yake miwili, akaifungua mbele yao. Viganja vilikuwa na mchanga na maji. Mmoja wa wanawake alianza kucheka, wengine wakafuata, na kicheko hicho ndicho kilichomwamsha mke wa karani. Alifumbua macho akaona miguu imemzunguka. Akajifuta mdomo, akauliza ni saa ngapi. Akaambiwa saa kumi. Alimbeba mwanawe, akasema joto la mwaka huu si la kawaida, akaondoka. Hakuomba radhi siku ile. Mpaka leo hajaomba.

Jioni ile bibi aliniuliza mtoto wa karani alikuwa akilala saa ngapi kwao. Nikamwambia tangu saa tatu asubuhi. Alinitazama sana. Kisha akapakua kichwa cha kambale, ambacho hakuwahi kumpa mtoto yeyote, akakiweka kwenye sahani yangu, na akanikataza kukanyaga tena nyumba ile.

Kesho yake watoto walirudi wote. Ungedhani hadithi imeisha na tumeshinda. Lakini tangu siku hiyo, kila mama alipomnyoshea mtoto, bibi hakumpokea kwanza. Alifungua viganja vyake, akavigeuza huku na huku, akangoja mama avitazame, ndipo anyoshe mikono. Wengine waliona haya, wakamwambia, bibi, haina haja. Alingoja vilevile. Alifanya hivyo mara tano, mara sita kila asubuhi, miaka yote, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na hakuna tena aliyemletea mtoto. Ushindi wangu wote haukuweza kumrudishia asubuhi moja ya kupokea mtoto bila kukaguliwa.

Ndiyo maana sijasamehe. Kile kijiji mafuriko yalikwishakichukua, watu wakahamia juu. Nyumba za nyasi hazijengwi tena, na mitungi ni ya plastiki, haitoi jasho. Mama anayekwenda shambani siku hizi humfungia mtoto ndani na dada yake. Mke wa karani yu hai, ni mzee, anakaa hapa hapa Garsen karibu na soko. Juzi alisikia nimekuja, akamtuma mjukuu aniombe nimfundishe namna ya kumlaza mjukuu wake mchanga, halali kwa joto. Nikamjibu mtoto yule kwa upole: mwambie aje mwenyewe, adhuhuri, apitie mlango wa mbele. Hajaja. Mkeka wake nimeutenga.

Leo asubuhi binti wa kaka yangu alikuwa akikimbilia kazini, akanisukumia mtoto. Kabla sijafikiri, mikono yangu ilikuwa imekwisha funguka mbele yake, viganja juu. Alivitazama, asielewe, akacheka.

"Shangazi, unaomba nini?"

Nilivifuta kwenye leso, nikampokea mtoto.