Entanda Haifunguliwi Nyumbani

Enzi zetu safari ilipangwa kama harusi: ilikuwa na kamati, ilikuwa na wapinzani, na ilikuwa na bibi aliyegoma. Mimi na dada yangu Koku tulipanga safari moja kwa mwaka mzima, tena safari ya siku mbili tu, kwenda kutalii Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tulikuwa watoto wa kijiji cha Ihanda, yeye darasa la sita, mimi la nne, na kati yetu hakuna aliyewahi kufika mbali kuliko mnadani.

Chanzo kilikuwa kalenda. Ilitundikwa ofisini kwa walimu, ya mwaka uliokwisha pita zamani, lakini hakuna aliyethubutu kuibandua kwa uzuri wa picha yake: kichochoro chembamba, kuta ndefu, na mlango mkubwa wa mbao uliochongwa maua na minyororo, wenye vifundo vya shaba vilivyochomoza kama chuchu za mbuzi. Koku alitumwa kupeleka madaftari ofisini, akarudi baada ya kipindi kizima. Alichapwa viboko viwili, akaniambia havikumuuma. Fimbo ya mwalimu wetu ilikuwa inasikika mpaka Kituntu, kwa hiyo mjue huo mlango ulikuwa umemwingia.

Tangu siku ile tulipanga. Tulipanga asubuhi tukienda shule, jembe begani na kidumu cha maji mkononi cha kumwagia vumbi la darasa. Tulipanga tukigeuza kahawa kwenye majamvi, vidole vikinuka maganda. Hata tulipoketi juu ya gogo la mgomba na kuserereka nalo bondeni, matako yakiwaka moto, Koku alikuwa mbele akipiga kelele, "Shikilia, Muta! Tunaingia bandarini!"

Na ramani tulikuwa nayo kichwani, iliyonyooka kama rula. Zanzibar ni kisiwa. Kisiwa kiko majini. Maji yako Bukoba. Basi tutapanda lori la kahawa Jumamosi alfajiri, tushuke Bukoba, tuingie melini, tumwambie nahodha atushushe Zanzibar, tuushike mlango, tulale, na Jumapili tuwe tumerudi, maana Koku alikuwa anaimba kwaya na usharika usingemsamehe. Wenzangu mnaocheka, nani kati yenu wa kwetu alikuwa anajua kuna maji mengine duniani zaidi ya yale ya Bukoba? Mimi jiografia nimeirudia ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu. Siku mwalimu alipokunjua atlasi nikaona Zanzibar ilipo, nilicheka mpaka darasa zima likadhani malaria imenipanda kichwani. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Taata, baba yetu.

Taata alikuwa anajua. Alikwisha fika Bukoba mara mbili na hakukuta Zanzibar yoyote. Lakini Koku alipokwenda kupiga magoti mbele yake na kumweleza mpango wote, hakucheka. Alitafuna buni zake taratibu, akatema ganda, akasema, "Kahawa ikikauka, nitawapeleka." Nadhani alitaka atufikishe pale ufukweni, tuyaone maji, tujionee wenyewe. Bibi ndiye aliyegoma. Tulimwomba aje nasi, akauliza mji wenyewe unaitwaje. Tukamwambia. "Mji Mkongwe?" akasema. "Mimi na meno yangu haya matatu, nikifika huko si watanibakiza!"

Kahawa ilikauka, na Ijumaa mama akafunga entanda. Vijana wa leo wanasafiri na chaja. Sisi tulisafiri na entanda, chakula cha njiani. Alibabua majani ya mgomba motoni mpaka yakalainika kama kitambaa, akayatandaza, akaweka ndizi za kupikwa na maharage, juu akanyunyiza senene wa kukaanga, akakunja, akafunga kwa kamba ya mgomba. Harufu ile, jamani. Nililala nayo puani na nikaota ninaila. Kila aliyeigusa mama alimpiga kofi la mkono: "Entanda haifunguliwi nyumbani! Ukiifungulia ndani, safari imekufa."

Jumamosi alfajiri tumeshapakwa mafuta mpaka tunang'aa kama sufuria mpya, tukasikia yowe kutoka kibanja cha pili. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akituhasia mbuzi, alikuwa amefariki. Nanyi mnajua kwetu: maiti ikiwa haijazikwa, jembe haligusi ardhi ya shamba na mtu hasafiri. Taata alivua shati lake la safari, akalitundika msumarini, akachukua sepetu akaenda kuchimba kaburi. Alimshika Koku kichwani tu, akapita.

Entanda ilikuwa mezani. Mama aliitazama, akatutazama. "Nendeni barabarani," akasema. "Mkaile huko. Humu ndani sitaki ifunguliwe."

Tukaketi kwenye ukingo wa barabara. Lori la kahawa likaja, limejaa magunia mpaka linainama, dereva akapiga honi kumwita Taata, akangoja kidogo, akaondoka. Vumbi lilituingia mpaka kwenye ndizi. Mimi nililia kilio ambacho, nawaambia, kilimfanya jogoo wa Nyakasimbi awike upya. Koku hakulia. Alifungua jani, akanimegea, akaanza kunionyesha kwa kidole: "Nyamaza, tumeshafika. Pale kwenye ule mgomba ndipo kichochoro kinapoanza. Tazama kuta zilivyo ndefu. Jua haliingii hapa, unasikia baridi? Sasa kata kulia. Mlango ule. Usiguse, mikono yako ina maharage!" Nikafuta mikono kwenye kaptula. Nilitembea Mji Mkongwe wote nimekaa.

"Tutakwenda siku nyingine," akasema tulipomaliza.

Siku nyingine, wenzangu, ni ugonjwa. Taata aliondoka, Bibi aliondoka, mama naye. Koku aliolewa Nkwenda, huko Kyerwa, mimi nikajenga Kituntu, na kila Krismasi aliniuliza, "Muta, umeanza kupanga?" Nikamjibu nimepanga mpaka nimemaliza, bado kuondoka tu. Mwaka mmoja nilikuwa napaua nyumba. Mwaka mwingine kahawa haikuzaa. Kisha daktari akamwambia ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kutunza. Alinipigia mwenyewe simu. "Muta, daktari ananiharakisha. Nataka kuuona ule mlango kabla sijafungiwa huu wa macho." Nikacheka, nikamwambia macho ya Koku hata yakifa nusu yanaona kuliko ya tai. Nikamwambia: mwakani.

Mwakani ikapita. Ikapita na nyingine.

Msimu uliopita ndipo niliposimama kweli. Binti wa Koku, Jeni, alipanga kila kitu kwenye simu kabla chai yangu haijapoa: ndege kutoka Bukoba, boti, nyumba ya wageni, siku tatu. Mwaka wetu mzima wa kuserereka na magogo, yeye aliumaliza kwa kidole gumba, na swali lake lilikuwa moja tu: "Anko, huko mtandao unashika?" Siku ya kuondoka nilifika Nkwenda mapema na shati jipya.

Nilimkuta Koku ameketi mkekani, amevaa gauni la kanisani, anafunga entanda. Alikuwa akiitafuta kamba kwa vidole, huku uso ukitazama mlangoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umefika, mwongo wangu. Umevaa shati gani?"

"Jeupe."

"Haya, jeupe."

Jeni alinivuta nje. Tangu wakati wa kuvuna, akasema, mama haoni hata mwanga wa dirisha. Aliwakataza kuniambia, eti nitaahirisha tena.

Nilirudi ndani nikasema neno ambalo naona haya kuliandika. Nilimwambia, "Dada, ile milango imechongwa. Utaipapasa kwa mikono."

Alimaliza kwanza kufunga fundo lake. "Muta, mwaka huu nimepapasa sana. Mlango wa kupapasa ninao hapa hapa, wa chooni." Akacheka. Mimi sikuweza, na mnanijua, mimi hucheka hata msibani. "Nilifikiri leo asubuhi nitakuwa na hamu," akasema. "Nimevaa, nimejipaka mafuta, nimengoja. Haikuja. Nendeni wewe na Jeni."

Hakuna aliyekwenda. Jeni alikaa na simu yake akifuta siku zile tatu. Mimi nilitazama entanda iliyofungwa katikati ya mkeka, na Koku ni kama aliniona.

"Humu ndani haifunguliwi," akasema. "Nishike mkono."

Tukaenda barabarani, polepole, nikimwambia hapa jiwe, hapa mtaro. Tukaketi ukingoni. Enzi zile lori lilikuwa moja kwa juma, na likikupita umebaki. Siku hizi sikumaliza kufungua jani kabla hayajapita magari manne na bodaboda nisizohesabu, na kila moja lilipunguza mwendo likidhani tunasafiri. Wakati ule dada yangu alikuwa na macho ya kuona mji mzima kwenye mgomba mmoja. Sasa mji uko mwendo wa siku moja, na hana cha kuuonea.

Nikammegea ndizi, nikamwekea kiganjani. Nikaanza. Nikamwambia kichochoro kinaanza pale, kuta zake zinafika mawinguni, paka wa huko ni wakubwa kama ndama. Nikamwambia ule mlango umechongwa na mafundi mia, na vifundo vyake vya shaba vinang'aa mpaka watu wa kule wanafunga macho wakipita.

Enzi zetu, nikidanganya hivyo, alinipiga kofi la kisogo. Nikainamisha kichwa kulingoja.

"Ongeza," akasema.