Bawa la Nani?

Zipora wa Vudee alikuwa haambiliki. Enzi hizo za Mwingereza alifundishwa misheni nyimbo mpya za watoto, za Kiswahili, za kuhesabu vidole na kutaja siku za juma. Basi siku za msaragambo, sisi tukitoka kijiji kizima kuzibua mfereji, yeye ndiye aliyebaki na watoto wetu. Aliwaimbisha vizuri, sikatai. Lakini nyimbo za Kipare alizipiga marufuku. “Za kishenzi,” alisema, mbele ya mama mkwe wake, Lea, aliyemlea mumewe kwa nyimbo hizo hizo! Mimi damu ilinichemka. Lea aliendelea kumenya ndizi.

Jioni moja ya msaragambo ukungu ulishuka ghafla, na tulipokuja kuchukua watoto, Tumainieli hayupo. Mwana wa Zipora mwenyewe, kitoto cha miaka minne. Na pale chini ya migomba kuna korongo, Mungu wangu!

“Tumainieli! Tumainieli wee!” Zipora aliita mpaka sauti ikamkauka. Kimya. Kwa hofu alikuwa amesahau alichomfundisha mwenyewe, kama sote tunavyowafundisha wetu: kwenye ukungu, ukiitwa jina na humwoni anayekuita, usiitike, huenda si mtu.

Akaimba wimbo wa siku za juma, Jumapili mpaka Jumamosi. Kimya. Wimbo ule hauna mahali pa kuitikia.

“Mwimbie wa kifaranga,” Lea akamwambia.

“Mama, huo haujui. Sijamfundisha.”

“Wewe imba.”

Zipora akaimba kwa Kipare, huku analia: “Kifaranga changu, uko wapi?”

Tukatega masikio. Kule chini, upande wa korongo, kikasikika kisauti: “Chini ya bawa!”

“Bawa la nani?”

Jibu lake ni “la mama”. Vudee nzima tunalijua.

“La bibi!”

Tulimkuta amekumbatia mgomba, hatua chache tu kutoka ukingoni. Zipora alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, jamani, lakini nilipomwona uso nikamwonea huruma.

Msaragambo uliofuata alikusanya watoto kama kawaida. Kisha akatandika mkeka katikati yao, akamketisha Lea, akapiga goti mbele yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Leo anza wewe. Mimi nitaitikia pamoja na watoto.”