Sinki Lililoelekea Kibla

Kuanzia Nachingwea mjini mpaka Ruangwa, ukiuliza fundi asiyebomoa ni nani, utaletwa kwangu. Jina hilo nilijipa mwenyewe, sioni haya kusema, na watu walilipokea kwa sababu hawakuona pa kulikatalia. Maana yake ni fundi ambaye hajawahi kubomoa alichokijenga. Wapo mafundi wanaopandisha ukuta Jumatatu, Jumatano unawasikia wanagonga nyundo wakirekebisha. Mimi, hapana. Ukuta wangu ukisimama umesimama.

Shule nilisoma mpaka darasa la tano, tena hilo la tano nililiacha katikati. Nilikwenda kumkandia udongo fundi mmoja wa kwetu Ruponda, nikajua kusoma pima maji kabla sijajua kusoma gazeti. Leo nina mashine mbili za kuchanganyia zege, nina mafundi kumi na moja chini yangu, na wenye vyeti vya ufundi wananiita mkuu. Hakuna aliyenishika mkono.

Ramani za nyumba sikufundishwa, nilizikariri. Mstari mnene ni ukuta. Palipoachwa wazi ni mlango. Duara dogo ni choo. Nilikuwa naitazama ramani mara moja, naikunja, natia mfukoni, kisha napiga kamba zangu na mambo zangu, vile vigingi vya kona, nyumba inatoka. Watu walishangaa, nami niliwaacha washangae.

Basi msimu wa korosho uliopita nikapewa kazi Nandagala. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane, mkulima wa ufuta, mwenye nguvu za kuwaaibisha wanaume. Wanawe wako Dar, ramani ilichorwa huko huko, na wao wakamweka injinia wa kuja kukagua kazi. Injinia mwenyewe ni binti aliyezaliwa huku huku Nachingwea, kwenye familia ya Kikatoliki ya pale misheni. Aliposhuka kwenye gari na kofia yake nyeupe, mmoja wa waashi wangu akaninong'oneza, "Mkuu, umepata bosi." Nikamwambia apange tofali.

Siku hiyo msingi ulikuwa tayari, mabomba ya maji taka yamelazwa na kufukiwa, kifusi kimeshindiliwa. Kesho yake tulikuwa tumwage jamvi, lile zege la sakafu. Likishamwagwa, kilichoko chini kimekwenda.

Binti akatoa kishikwambi, akabandika kikaratasi chenye madoa meusi kwenye mambo ya kona, akakielekezea kamera yake.

"Fundi mkuu, njoo uione nyumba yako."

"Nyumba yangu ipi? Hii haijafika hata dirishani."

"Njoo tu, baba."

Nikachungulia. Msomaji, nisikudanganye, nilirudi nyuma hatua moja. Kwenye kioo uwanja ulikuwa uwanja ule ule, kifusi kile kile, mashine yangu ya zege pale pembeni, lakini katikati nyumba imesimama. Kuta, madirisha, bati. Nikisogea inakaribia, nikizunguka naiona ubavu. Binti aliniambia Kiswahili chake ni uhalisia ulioongezewa. Mimi naita kuingia nyumba kabla haijajengwa. Akagusa kidogo, kuta zikawa kama maji, nikaona mabomba yanavyopita ndani yake na nondo za lenta zilivyolala. Pale shuleni Ruangwa wanakojenga madarasa, akasema, sasa wanakagua hivyo hivyo: nondo ikikosewa inaonekana kabla ya zege, si baada ya ufa.

Kitu nilichokitazama mimi ni kingine. Nilitazama mistari yake ya ukuta na kamba zangu mimi, nilizopiga kwa macho yangu na futi ya mkono. Vilikaa pamoja. Hapakuwa na tofauti ya upana wa kidole.

"Mmeona?" nikawaambia waashi. "Kompyuta imekuja kunakili kwangu."

Binti akacheka. "Baba, kweli. Sijawahi kukuta msingi umekaa hivi."

Niliyaweka maneno hayo moyoni mpaka leo. Na ingeishia hapo ningekuwa nimeshinda, lakini bibi akatokea kutoka shambani, jembe begani.

"Mimi karatasi zenu sizijui," akasema. "Nioneshe pa kulala na pa kupikia."

Akapewa kishikwambi. Alipofika kwenye mlango wa mbele, ambao haukuwepo, akavua kandambili akaziacha nje. Waashi wakaziba midomo. Akaingia pekupeku juu ya kifusi, akainama kidogo asigonge fremu. Akaenda sebuleni, akaenda jikoni, akasema dirisha zuri, moshi utatoka. Akaingia chumbani. Akafungua mlango wa choo cha ndani, wanawe wamemwekea sinki la kukaa kwa sababu ya magoti.

"Hapa nakaaje?"

"Geuka tu, bibi, ukae," binti akasema, akamshikia kishikwambi.

Bibi akageuka, akajishusha polepole na kanga zake, akabaki hivyo hivyo angani, mikono magotini.

"Fundi."

"Naam, bibi."

"Hapa nimekaa?"

"Umekaa, bibi."

"Natazama nini?"

Nikatazama anakotazama. Mbele yake, nyuma ya kibanda chake cha zamani, kulikuwa na mkorosho.

"Mkorosho, bibi."

"Mkorosho huo naswali nikiutazama tangu nilipoolewa hapa. Leo unataka niutazame nikiwa hapa?"

Kwetu kibla iko kaskazini, na Mwislamu haendi haja ameielekea wala ameipa mgongo. Choo hukaa ubavu. Hilo analijua hata mtoto wa madrasa. Mchoraji wa Dar hakulifikiria, binti wa misheni hakulijua, na mimi, niliyefundishwa Kurani kabla ya kufundishwa kushika kijiko cha plasta, niliitazama ramani ile wiki mbili nikaona duara dogo. Duara halisemi mtu atatazama wapi.

Waashi walianguka chini kwa kicheko. Mmoja akaokota nyundo akaniletea kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mgeni zawadi.

"Fundi asiyebomoa, chombo chako hiki."

"Kufukua si kubomoa!" nikamjibu.

"Aa, leo tumepata kamusi."

"Bibi, simama kwanza, utaumia magoti," nikasema, maana bado alikuwa amekaa angani ananisubiri. "Sinki litageuka leo hii."

Binti akaomba radhi, akaligeuza sinki kwa kidole pale kwenye kioo, likatazama mashariki, na mabomba yakahama yenyewe yakatuonesha njia mpya mpaka kwenye chemba. Mimi nikavua shati. Sikumwachia mtu. Nilifukua bomba lile kwa mkono wangu, nikalilaza upya nikifuata mstari wa kwenye kioo, na alasiri haijaadhiniwa nilikuwa nashindilia kifusi. Kesho yake jamvi likamwagwa. Hakuna tofali lililoguswa. Jina langu lilikuwa zima.

Watu walinipongeza. Lakini nilipokaa kunywa uji na wenzangu, lile duara dogo likanirudia. Nilikuwa nimeshaliona duara kama hilo, kwenye ramani nyingine ya kununua iliyochorwa mbali, wakati najenga nyumba ya mwalimu mstaafu, Mwislamu mwenzangu, Nachingwea mjini. Nyumba ile ndiyo iliyonitoa. Baada ya nyumba ile ndipo nilipojipa jina.

Ijumaa baada ya swala nikapanda pikipiki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi wangu! Umekuja kuisalimia nyumba yako?"

"Nimekuja kuomba kujisaidia."

Akanitazama kidogo, kisha akanionesha mlango kana kwamba mimi siujui. Nikaingia. Sinki langu lilikuwa limekaa sawasawa, halichezi, marumaru hazina hata ufa, na lilikuwa linatazama kaskazini bila aibu yoyote. Ubavuni mwake, ukutani, kulikuwa na kipande cha mti kimepigiliwa, kimeng'aa kwa kushikwa. Mtu aliyekaa sawa hawezi kukihitaji pale.

Nikatoka.

"Mwalimu, kile kijiti ni cha nini?"

"Umri, mwanangu."

"Mwalimu."

Akacheka, akafuta miwani. "Haya. Nakaa upande. Kijiti kinanizuia nisidondoke."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia, wiki ile ile ya kwanza. Nikakukuta sokoni umezungukwa na watu, unawaambia hujawahi kubomoa ulichojenga, na nyumba ya mwalimu ndiyo shahidi. Nikasema moyoni, choo ni changu peke yangu, jina ni la huyu kijana na ndiyo kwanza analianza. Nikanunua mchicha nikarudi."

Miaka yote niliyotembea kifua mbele, mzee wa watu alikuwa amekaa upande, ameshika kijiti, ananilindia.

"Kesho nakuja kubomoa," nikamwambia.

"Acha, fundi. Nimeshazoea."

"Mimi sijazoea, mwalimu."

Kesho yake nilikwenda na binti injinia, nilimwomba mwenyewe. Nyumba ile haikuwa ndani ya kishikwambi chake, ikabidi atembee nacho choo kizima akikipima kwa kukitazama tu, kona kwa kona, kisha akasimamisha sinki la kwenye kioo likiwa limetazama mashariki. Mwalimu akavaa miwani, akachungulia, akanyoosha mkono kuligusa, mkono ukapita hewani.

"Ningekuwa na kitu hiki wakati nafundisha maumbo," akasema, "msingetoroka darasani."

"Mimi ningetoroka tu, mwalimu."

Binti akanichorea kwenye kioo marumaru za kuvunja na njia ya bomba. Nikaitazama ile alama mara mbili, mara tatu. Sikukunja kitu nikatia mfukoni. Ndipo nikainua nyundo.

Ile sauti, ya chuma juu ya kazi niliyoipanga kwa mkono wangu, sikuwa nimewahi kuisikia. Ilifika mpaka barabarani. Majirani walikusanyika kibarazani, nikamsikia mama mmoja anauliza, "Jamani, nani anabomoa nyumba ya mwalimu?" Mwalimu alitaka kwenda kuwajibu kwa niaba yangu, pengine aseme bomba limepasuka. Nikamzuia. Nikatoka mwenyewe mlangoni, vumbi jeupe kichwani, nyundo mkononi.

"Mimi," nikawaambia. "Fundi wake. Nilikosea, nabomoa."

Kisha nikarudi ndani kumaliza. Kile kijiti niliking'oa mwisho, mwalimu akakiomba akakiweka juu ya kabati lake la vitabu. Na marumaru zilizovunjika ni sita tu, zile zile sita za kwenye kioo, hakuna ya saba. Tafuta fundi mwingine huku kwetu anayeweza kubomoa hivyo.