Ndama Niliwajua, Mtoto Wangu Sikumjua

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka mkono wangu hutafuta pindo la koti ambalo halipo tena. Ilikuwa Jumatano, jua limewaka baada ya mvua, kule upande wa Ainabkoi, kwenye shamba la Mzungu mmoja aliyefuga ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Bunyore na mke wangu Rebeka kutafuta kazi. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Esta, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia bila kuanguka. Kabla ya jua la siku hiyo kutua nilikuwa nimekaripiwa na bibi kizee, nimefukuzwa kazi, na nimeshinda vita vikubwa kuliko vyote nilivyopigana maishani. Nisikilize polepole, maana uji wa moto haunywewi kwa pupa.

Kazi yangu ilikuwa ndama. Ng'ombe wakubwa walikuwa na watu wao, lakini ndama wote walikuwa mikononi mwangu, na mwenye shamba, tuliyemwita Bwana, alinifundisha mwenyewe. Ndama akianza kuhara, alisema, mshike ngozi ya shingo uivute. Ikirudi upesi, bado ana nguvu. Ikibaki imesimama, maji yamemwishia mwilini. Mtazame macho kama yameingia ndani. Angalia kama amekojoa. Angalia kama anakataa ndoo. "Ukiona moja tu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "wewe hapana ngoja. Wewe nakimbia, naita mimi."

Nami nilikimbia kweli. Jumapili moja nilitoka katikati ya maombi nikamwacha mhubiri ameinua mikono, kwa sababu niliona ndama mmoja amelala vibaya kando ya ua. Ndama huyo alipona. Bwana alifurahi akanipa koti lake la sufi, zito, lenye vifungo vya shaba. Lo, mwanangu! Nililivaa kwenye baridi na nikalivaa kwenye jua. Nililivaa nikipalilia mahindi. Rebeka alikuwa akiniuliza kama nitazikwa nalo, nami namjibu kwamba ndiyo, tena lifungwe vifungo vyote.

Sasa ule mwanzo wa wiki, Esta akaanza kuhara na kutapika. Katika kambi yetu ya wafanyakazi mtoto wa umri ule hakuwa na ugonjwa ila mmoja: meno. Akihara ni meno, akiwa na joto ni meno, akikohoa ni meno. Majirani walisema ni meno, nami nikasema ni meno, tena nikaongeza ujinga wangu mwenyewe juu ya ule wa watu. Nilimkataza Rebeka asimpe mtoto maji. "Unamwagia maji kwenye ndoo inayovuja," nilimwambia, nikajiona mwenye akili sana. Mimi, mlezi wa ndama! Ndama aliyehara nilimnywesha maji kutwa nzima, wangu wa kumzaa nikamnyima. Wazee walisema mganga hajigangi, na mimi ndiye waliyekuwa wakimsema.

Jumatano asubuhi Rebeka alisimama mlangoni, mtoto amemlaza begani.

"Baba Esta, huyu mtoto hajalowesha nguo tangu jana mchana. Na akilia, machozi haitoki."

"Ni meno hayo."

"Meno gani inafanya mtoto alale hivi? Leo hata ziwa amekataa. Twende Sisibo, hospitali."

Sisibo ndilo jina tuliloitia Eldoret siku zile. Nilimtazama kama mtu aliyeniambia twende mwezini. Siku ile Bwana alikuwa na wageni, wakulima wenzake, wamekuja kuona ndama wake. Na nani angesimama mbele ya wageni hao ameshika kamba ya ndama mzuri kuliko wote, na koti lenye vifungo vya shaba? Ndiyo maana sikutaka kwenda, mwanangu. Meno yalikuwa kisingizio tu. Nakuambia ukweli huu na aibu bado inaniuma, ingawa nina mvi mpaka kwenye nyusi.

"Kesho," nikamwambia. "Akiamka vile vile kesho, tutaona." Nikatoka.

Nyuma ya banda la ndama palikuwa na mahali pa kuoshea mikebe ya krimu iliyokwenda Sisibo kwa lori. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mmoja mzee wa Kikeiyo ambaye wote tulimwita Kogo, maana yake nyanya, yaani bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, mkali, na aliongea kidogo kwa sababu Kiswahili kilimchosha. Nikiwa namsugua yule ndama wa kuonyeshwa, nikasikia sauti yake.

"Yohana! Kuja hapa mbio! Iko ndama mgonjwa!"

Niliacha kila kitu. Niliruka ua, nikazunguka banda, moyo unadunda, najiuliza ni yupi. Sikukuta ndama. Nilimkuta Kogo ameketi juu ya mkebe uliofunikwa, Rebeka amesimama kando yake analia bila sauti, na Esta amelala kwenye mapaja ya Kogo.

"Ndama iko wapi?" nikauliza.

"Hii," akasema. "Shika ngozi."

"Kogo, huyo ni..."

"Shika ngozi!"

Nikapiga magoti. Nilishika ngozi ya tumbo la mwanangu kwa vidole viwili, nikaivuta, nikaachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama, ikashuka polepole, kana kwamba haina haraka ya kwenda popote.

"Angalia macho."

Yalikuwa yameingia ndani. Tena nilikuwa nimeyaona jana yake, na juzi yake pia. Niliyaona nisiyaone.

"Amekojoa?"

"Hapana," Rebeka akajibu.

Kogo akanitazama, na macho yale sijayasahau. "Kama hii ni ndama ya Mzungu, wewe nafanya nini?"

"Ningekimbia, Kogo."

"Basi kimbia. Ama mtoto yako ni ndogo kuliko ndama?"

Mwanangu, nimewahi kuchapwa, nimewahi kutukanwa na wenye mamlaka, lakini hakuna kilichoniingia kama swali lile. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Kisha nikakimbia.

Bwana alikuwa kwenye majani mafupi mbele ya nyumba na wageni wake, vikombe vya chai mkononi. Nilifika nikihema.

"Bwana, iko moja mgonjwa. Ngozi nasimama, macho naingia ndani."

Akaweka kikombe chini mara moja. "Ndama gani?"

"Hapana ndama, Bwana. Mtoto yangu. Nataka kwenda hospitali na lori ya krimu."

Akaniangalia, akawaangalia wageni, uso ukawa mwekundu. "Leo? Sasa? Nani nashika ndama?"

"Sijui, Bwana."

"Kama wewe nakwenda leo, kazi kwisha. Hapana rudi."

Nilivuta pumzi kwanza. Nikamwambia, "Bwana, wewe nafundisha mimi: ukiona moja tu, hapana ngoja." Nikageuka nikamwacha pale. Nilisikia akiita jina langu mara mbili, na miguu yangu haikusimama. Mpaka leo naona fahari nikikumbuka mgongo wangu siku ile, ingawa sikuuona.

Lori lilikuwa tayari kuondoka, na dereva akakataa katakata. Lori ni la krimu, akasema, si la watu, na yeye ana watoto wa kulisha. Kogo alikwenda akaketi juu ya mkebe wa mwisho uliokuwa bado chini, akakunja mikono.

"Krimu yangu haipandi kabla ya mtoto," akasema.

Dereva akamwambia aondoke, akamwomba, akamlalamikia Mungu. Kogo akatazama upande wa msitu. Jua lilikuwa linapanda na krimu haingoji mtu, na dereva alijua hilo kuliko sisi. Mwishowe akafungua mlango kwa hasira. Kogo akampa Rebeka chupa ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko. "Kidogo kidogo," akamwambia. "Akitapika, ngoja kidogo, halafu mpe tena. Na ziwa usiache."

Nilimfunga Esta ndani ya koti langu, Rebeka akawa anampa kijiko baada ya kijiko, lori likiteleza kwenye matope. Kijiko cha kwanza kilimwagika shavuni. Cha tano akakimeza. Nilikuwa nikihesabu vijiko hivyo kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, na nikawa naomba Mungu asinilipe kwa kadiri ya upumbavu wangu. Tulipovuka mto Sosiani pale mjini alikuwa bado anapumua.

Hospitalini tulimkuta daktari mmoja Mhindi, mwembamba, mwenye miwani. Hakuuliza maneno mengi. Alishika ngozi ya tumbo la Esta kwa vidole viwili, akaivuta, akaachia, akaitazama inavyoshuka. Yale yale niliyoyajua miaka yote!

"Hii watu nasema meno," akasema bila kunitazama. "Meno hapana ua mtoto. Kukauka naua."

Akamdunga sindano kubwa ya maji ya chumvi pajani, paja likavimba kama andazi. Akatupa kikombe cha maji na kutuambia tuendelee kumnywesha kwa kijiko. "Sasa ngoja mkojo," akasema. "Mkojo ikitoka, wewe naita mimi."

Tulikaa kwenye baraza pamoja na akina mama wengine na watoto wao. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Mama mmoja akaniuliza ninangoja nini, nikamwambia nangoja mtoto akojoe, naye hakucheka. Akaanza kungoja pamoja nami. Wa pili naye akajua, na wa tatu, hadi baraza lote likawa linangoja mkojo wa Esta.

Ilipokaribia saa kumi nilihisi joto kifuani. Nilidhani ni jua. Joto likashuka tumboni, likaenea, likapita sufi ya Bwana, likapita shati, likanifikia ngozini.

"Amekojoa!" nikapiga kelele. "Rebeka, amekojoa! Amenikojolea!"

Wale akina mama walipiga vigelegele mpaka farasi aliyefungwa nje akashtuka. Daktari akatoka mbio akidhani mtu amekufa, akanikuta nimesimama katikati ya baraza nimeinua koti lililoloa, nalia na kucheka, na Rebeka ameketi sakafuni amejifunika uso kwa leso. Esta akafungua macho, akatuona tulivyochanganyikiwa, akaangua kilio. Na mashavuni mwake, mwanangu, yakatiririka machozi. Machozi ya kweli! Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, wala sitarajii.

Siku ya nne tulirudi Ainabkoi na Esta anapigania chakula. Nilikwenda kufungasha vitu vyangu, nikamkuta Bwana kwenye banda la ndama amechanganyikiwa, ndama wawili wanahara na hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaniuliza, "Mtoto namna gani?" Nikamwambia, "Nakojoa sana, Bwana." Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha ndoo. Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha, nami nilivua koti nikaingia kazini. Rebeka alitaka kulifua, nikamkataza wiki nzima.

Basi, mwanangu, wewe uliyeniletea mtoto wako jana ukaniuliza, "Mzee, nimpeleke ama ningoje?", sikia. Si kila kamasi ni ya kukimbilia daktari. Mtoto mwenye joto kidogo lakini anakunywa, anacheza na kukusumbua, mpe maji, mnyonyeshe, mwangalie kwa macho yote mawili. Lakini akikataa kunywa au ziwa, akitapika kila anachomeza, nguo zake zikikaa kavu nusu siku, akilia bila machozi, ondoka. Akilegea usiweze kumwamsha vizuri, akishikwa na degedege, akipumua haraka mbavu zikiingia ndani, akihara damu, ondoka. Joto likikataa kushuka siku ya pili au ya tatu, usingoje jirani akupe jina la ugonjwa. Na kama ni mchanga wa miezi miwili mitatu, joto lolote lile ni la daktari. Ukiona moja tu. Usihesabu mpaka zitimie zote, maana ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena usimnyime maji mtoto anayehara, na njiani uwe unampa. Siku hizi zahanati ina dawa ya kuchanganya na maji. Ichanganye walivyokuonyesha, usikisie chumvi jikoni.

Na mama yake akikuambia, "Huyu si yule mtoto wangu wa kila siku," usimjibu kitu. Tafuta koti. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Rebeka aliujua siku nzima kabla yangu. Kogo amelala kwenye udongo wa Ainabkoi miaka mingi sasa, lakini swali lake nakuachia liwe lako: kama angekuwa ndama wa mtu, ungefanya nini?

Esta leo ni mama wa watoto sita, na nikimkaripia hunijibu kwamba mtu aliyekojolewa akafurahi hana haki ya kumkaripia mtu. Amesema kweli. Nenda, mwanangu. Mungu ainue nyumba yako, akupe macho ya kuona mapema na miguu isiyoona haya kukimbia, na nguo zako zisikauke mikojo ya watoto mpaka uwe mzee kama mimi.