Kazi ya Baba Kule Depo

Baba yangu hakuwahi kumpiga mtu. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe kila mara alianza na hilo, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Jina lake Mwenze Mukalay, muuguzi wa zahanati ya kampuni moja ya mgodi hapa Kolwezi. Mtaa mzima ulimwita Dokta, kama tunavyomwita kila anayejua kuchoma sindano bila kukutoa machozi.

Alikuwa na tabia moja iliyotuchosha nyumbani. Akikusalimia, vidole vyake viliteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono wako, akaanza kuhesabu mapigo. Wageni walidhani ni upendo. Mimi Blandine, binti yake wa kwanza, nilijua ni hofu, na nilijua ilimwingia mwaka wa vita, 1998. Sababu yake ndiyo sikuijua.

Kazi yake zahanati ilikuwa kuandika neno moja kwenye karatasi ya mfanyakazi aliyetoka kuugua. Apte, yaani anafaa kurudi kazini, au inapte, hafai. Zamani neno hilo lilikuwa mikononi mwa mkubwa wake, Tata Badibanga, mtu wa Kasai, mkaidi kupita kiasi, aliyeandika inapte hata wakubwa wakifoka. Mwaka 1993 watu wa Kasai walifukuzwa huku kwetu, warudi kwao. Tata Badibanga alikaa stesheni wiki nyingi na watoto wake juu ya godoro moja, wakingoja treni. Baba alimpelekea unga mara mbili, kisha akaacha kwenda, kisha akakalia kiti chake. Sitaki kumsingizia, hakukiomba. Alikikuta kitupu, akakaa, na kilimfaa sana.

Miaka hiyo kampuni ilikuwa inakata roho. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, na mtu aliyeandikwa inapte mara mbili alifutwa kazi. Basi wanaume wenye vifua vilivyoharibiwa na vumbi walikuja kumsihi Baba.

"Dokta, andika apte. Batoto balale na kitu mu tumbo."

Naye aliandika. Aliwarudisha wagonjwa shimoni kwa huruma, na wakamletea kuku kumshukuru. Miaka mitano mkono wake ulizoea hivyo, kwamba neno lile ni zawadi, na mwenye kulitoa ni mtu mwema.

Kisha vita vikaja. Redio ilisema adui ameingia kutoka mashariki, na mara jirani zetu wakaanza kupima pua za watu kwa macho, wakitafuta sura za adui. Walikamata wafanyabiashara, madereva, hata mwalimu mmoja ambaye kosa lake lilikuwa urefu. Waliwafungia kwenye ghala kuukuu la magunia kando ya reli, ambalo sisi tunaliita depo. Miongoni mwao alikuwa Amadi Hassani, mwenye lori, Mwislamu mzaliwa wa Kasongo. Ndugu yake aliishi Uvira, mashariki, upande wa adui, na barua za huyo ndugu zilikutwa ndani ya sanduku lake. Hilo lilitosha.

Baba aliitwa depo na mkubwa wa walinzi, mtu aliyemjua kwa sura tu. Kila mtu alimwita Komanda.

"Dokta, shiye hatuko banyama," alimwambia. "Lakini inchi iko mu hatari, na haba bantu banajua bitu. Weye kazi yako ni moja tu. Unaangalia kama muntu anaweza kuendelea kuulizwa. Unaandika, unarudia kwako."

Alirudi nyumbani na kilo mbili za sukari. Sisi tulifurahi, tulikuwa hatujanywa chai tamu tangu Pasaka. Mpaka leo sukari ile inanichoma nikiikumbuka, na nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa na akili ya kuuliza. Sikuuliza.

Mnamo Novemba mwaka ule mke wa Amadi, Mama Sikudhani, alifika mlangoni kwetu. Aliuza ndagala, dagaa wakavu, sokoni Manika. Alikuwa anapita kwa kila mtu aliyesemekana amekanyaga depo.

"Dokta, haukumuona bwana yangu kule?"

"Hapana, mama," Baba alijibu. "Mi sikumuona."

Walinzi walikuwa wamemwambia Mama Sikudhani kwamba Amadi alitoroka kwenda upande wa adui. Akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Akaendelea kuuza ndagala, na kila Ijumaa alipita mbele ya nyumba yetu amevaa vizuri, ananukia udi. Siku za Ijumaa Baba alikaa jikoni na wanawake. Mama yangu alimtania kwamba amejifunza kupenda sombe, mboga ya majani ya muhogo, na yeye alicheka kuchelewa, baada ya sisi sote kumaliza.

Mwaka 2000, mwezi Machi, kampuni ilikuwa imeshawaachisha kazi watu wengi, Baba naye. Alipima presha barazani kwetu asubuhi. Siku moja nilikuwa namenya viazi karibu naye, na aliyeketi kwenye kiti cha wagonjwa alikuwa Mama Sikudhani.

"Kichwa inazunguka, Dokta," alisema, akinyoosha mkono. "Na mi niko na safari. Naenda Uvira."

Nilisimamisha kisu. Kati yetu na Uvira kulikuwa na vita, majeshi mawili yakitazamana, na watu waliovuka hawakurudi kusimulia.

"Kule kuko vita, mama," Baba alisema.

"Najua. Lakini bwana yangu eko kule, kwa ndugu yake. Niliisha kupata lori mpaka mbele, kisha nitatembea. Uniambie tu kama mi naweza safari. Naweza?"

Baba alikuwa ameshamfunga kitambaa cha mashine mkononi, na vidole viko juu ya mshipa. Hakukijaza hewa. Nilimwona anahesabu, midomo inachezacheza, akapita sitini, akapita mia, akaendelea. Ndipo nikaona kwamba analia. Baba yangu, ambaye hakulia kwenye mazishi ya mama yake.

"Usiende," alisema. "Amadi haiko Uvira. Alikufa depo. Mi nilimuona siku tatu."

Akasema yote, mimi nikisikia kwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza alimpima Amadi akaandika apte. Siku ya pili miguu ilikuwa imevimba kwa viboko, akaandika apte. Siku ya tatu Amadi alimnong'oneza, "Dokta, andika kama mi siwezi." Mapigo yalikuwa membamba, yanapotea chini ya kidole. Akaandika apte. Alasiri walimwita tena, na safari hii hapakuwa na kitu cha kupima. Walimzika ukingoni mwa makaburi, upande wa barabara ya Nzilo, bila sala.

Mama Sikudhani hakupiga kelele. Nilitamani apige, ili nami nipate kulia.

"Na kama uliandika inapte," aliuliza, "bangemufanya nini?"

Nilimwombea Baba apate uongo mzuri. Baba yangu nampenda, siwezi kuficha.

"Bangemupeleka hopitali," alisema. "Muzee moja niliandika inapte, balimupeleka. Eko muzima mpaka leo."

"Juu ya nini haukuandika na ya bwana yangu?"

"Muzee hakuwa na barua. Bwana yako alikuwa na barua za Uvira. Niliogopa baseme mi niko rafiki ya adui."

Basi ni hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo kubwa zaidi.

"Ilikuwa siku gani?"

"Tarehe makumi mbili na moja, mwezi wa kenda. Mwaka wa vita."

Mama Sikudhani alianza kuhesabu kwa vidole, polepole. Mimi Mkatoliki sikuelewa anahesabu nini, mpaka aliposema. Kwao Waislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi tangu siku mumewe alipokufa. Hajipambi, hajitii manukato, anakaa ndani na kulia, na watu wanajua kwamba analia. Habari ikimfikia baada ya muda huo, eda yake imekwisha.

"Ile siku nilikuja hapa kukuuliza," alisema, "siku zangu zilikuwa bado. Ningekaa. Ningemulilia bwana yangu sawa vile bantu bote." Alijifungua kitambaa mwenyewe. "Ile myezi yote nilikuwa napakaa wanja, Dokta. Najitia udi. Nasema akirudia, anikute muzuri."

Akasimama, akajifunga mtandio.

"Bwana yangu munasema mulimuua juu ya inchi. Sawa. Na kilio yangu, uliikamata juu ya nani?"